Dakika tano katika nyuzi joto 42

Leo asubuhi nilihamisha chupa ya bakteria wa E. coli kutoka nyuzi joto 30 hadi 42, nikaketi kando yake nikitazama saa, kwa kuwa nilitaka kuwapo viumbe hao wakibadili matumizi ya jeni zao. Mchuzi waliomo ulibaki wa manjano yenye ukungu hafifu, kana kwamba hakuna lililotokea. Kumbe ndani yake RNA yenye maagizo ya kutengeneza protini ya sigma 32, ambayo penye ubaridi hujikunja na kuficha mahali ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini, inapoanzia kusoma, ilikuwa ikikunjuka kwa joto lenyewe. Sigma 32 ndiyo huielekeza polimerasi, kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA, kwenye jeni za kukabili joto.

Kinachonigusa zaidi ni breki ya sigma 32. Katika hali ya kawaida protini ya DnaK, inayosaidia protini nyingine kujikunja vizuri, huikamata na FtsH, kimeng'enya cha kukata protini, huikatakata, hata nusu yake ikatoweka kwa takriban dakika moja. Joto linapoharibu protini nyingine, DnaK hushughulika nazo, na sigma 32 huachwa huru, mpaka DnaK mpya zitoshe kuikamata tena. Sampuli nilizochota zimo kwenye barafu, na kesho nitazipima.