Kinyonga wangu, Kinyongo wa mwenzangu, na dadu iliyonitoa mkiani

"Tuma Jino kwa Jino, kaka, ukalale." Maneno hayo niliambiwa na watu wanne tofauti kabla ya mashindano yetu ya pili ya mtanziko wa wafungwa. Nikatuma programu ya mbinu hiyo, nikalala, nikaamka wa 19 kati ya 24. Naandika haya hasira haijaisha vizuri, na majivuno ya yaliyofuata nayo yamo, kwa hiyo mnivumilie.

Kwa asiyeujua mchezo: mnacheza wawili, kila mmoja anachagua kwa siri kushirikiana au kusaliti. Mkishirikiana, kila mtu anapata pointi 3. Mkisalitiana, 1 kila mtu. Mmoja akisaliti na mwenzake akashirikiana, msaliti anaondoka na 5, yule mwema anabaki na 0. Mkicheza mara moja tu mkaachana, hesabu inakuelekeza usaliti, maana lolote atakalofanya mwenzako, wewe unapata zaidi. Tatizo ni kwamba naye ana hesabu hiyo hiyo, mnaishia na 1 wakati 3 ilikuwa mezani. Utamu unaanza mnapokutana tena na tena. Wanahisabati Flood na Dresher wa RAND, shirika la utafiti la Marekani, waliubuni mwaka 1950, mwenzao Tucker akauvika kisa cha wafungwa wawili, na tangu siku za mwanzo haujawahi kuwa na amani: wataalamu wawili, Alchian na Williams, walipoucheza mara 100 mfululizo, mmoja alishirikiana mara 68 na mwingine 78, huku kila mmoja akiandika pembeni manung'uniko yake juu ya mwenzake.

Sisi kundini kwetu hatuchezi wenyewe, tunatuma programu. Kila programu inakutana na kila nyingine, mashindano ya kwanza kwa mizunguko 200, pointi zinajumlishwa, basi. Mambo ya kusajili na kupakia siyaelezi, mtu yeyote anaweza. Ila mjifunze kwangu jambo moja dogo: msitumie herufi za kwanza. Kushirikiana ni S na kusaliti ni S. Jioni nzima nilikodolea macho mstari wa S S S S S S nikijipongeza kwamba programu yangu ni ya amani, kumbe ilikuwa inachinja. Sasa naandika W kwa wema na U kwa ubaya.

Mashindano ya kwanza nilikuja na Kinyonga. Mistari 140, na kila mstari niliupenda kama mtoto. Kinyonga alianza kwa wema mizunguko miwili, wa tatu anachoma kidogo kwa usaliti mmoja, halafu wa nne anarudi kwenye wema na uso mkavu kabisa, anamchungulia mwenzake. Akikuta hajajibu, anajua huyu ni mlaini na anamla mpaka mwisho. Akikuta amejibiwa mara moja tu, mambo yanarudi kuwa shwari kana kwamba hakuna kilichotokea. Akiona adhabu inaendelea, anaomba radhi kwa wema mara mbili zaidi, na radhi isipopokelewa anakasirika moja kwa moja. Na kwa kuwa tulijua mchezo unaishia mzunguko wa 200, huo wa mwisho anasaliti bila aibu, maana hakuna kesho ya kulipiziwa.

Nilimfanyia majaribio dhidi ya Jino kwa Jino, ile mbinu inayoanza na wema kisha inarudia tu alichofanya mwenzake mzunguko uliopita. Kinyonga 601, Jino kwa Jino 596. Nilisimama kwenye kiti. Nilimpelekea matokeo jamaa mmoja wa kundini, akajibu "hongera mzee" na uso wa kucheka. Sikuelewa anacheka nini.

Siku ya mashindano Kinyonga akakutana na programu ya dada mmoja mpole ambaye hata kwenye mazungumzo yetu haandiki sana. Mistari sita tu, na jina lake, wallahi si mimi niliyelipanga, lilikuwa Kinyongo. Kinyongo ni mwema milele, mpaka siku utakapomsaliti mara moja. Baada ya hapo hana tena habari na wewe. Kinyonga wangu akachoma mzunguko wa tatu kama kawaida yake. Wa nne akapigwa. Wa tano akaomba radhi, akapigwa. Wa sita akaomba tena, akapigwa. Kisha wawili hao wakakaa kwenye ubaya mizunguko 194, pointi moja moja, kama majirani wasiosalimiana. Mwisho: mimi 205, yeye 215. Tungekaa kwa wema tangu mwanzo kila mmoja angeondoka na 600. Kwa ajili ya zile 5 za mzunguko wa tatu nilichoma karibu 400.

Na Kinyongo hakuwa peke yake. Wenye kinyongo walikuwa wanne, na wengine wenye majaribio kama yangu walikuwa wengi tu, tukawa tunachomana halafu kila mmoja anasubiri mwenzake ndiye aombe radhi. Kuhusu ujanja wa mzunguko wa mwisho, jamaa mmoja alikuwa ameshaniwaza akaanza kusaliti wa 199. Mwingine alimuwaza huyo akaanza wa 198. Ukiifuata njia hiyo kwa uaminifu unafika mzunguko wa kwanza. Ndiyo maana mashindano ya pili mwandaaji alificha mwisho: baada ya kila mzunguko mashine inaamua kwa bahati kama mchezo uendelee au ukatike.

Kinyonga alimaliza wa 15 kati ya 22. Kilichoniuma ni kwamba ukihesabu mechi mojamoja, nilikuwa nimewashinda wapinzani wengi kuliko mtu yeyote. Hapo ndipo nilipokwenda kusoma, jambo ambalo mtu mwenye akili angelianza nalo. Mwanasayansi wa siasa Robert Axelrod alipochapisha mashindano yake ya mchezo huu mwaka 1980, programu 14 za wataalamu pamoja na moja ya kubahatisha, aliyeongoza alikuwa Anatol Rapoport na hiyo hiyo Jino kwa Jino, fupi kuliko zote, wastani wa pointi 504 kwa mechi. Akaitisha mara ya pili, zikaja 62 kutoka nchi sita, wote wameshajua nani alishinda na kwa nini, na bado ikashinda. Sasa angalieni maajabu: Jino kwa Jino haiwezi kumzidi mpinzani wake katika mechi hata moja. Haitangulii kusaliti, kwa hiyo ama mnatoka sare, ama unapitwa kidogo. Inaongoza kwenye jumla kwa sababu inawavuta wenzake kwenye wema. Mimi na kiti changu nilichosimama juu yake tulikuwa tunashangilia kitu kisichohesabiwa.

Kwa hiyo mashindano ya pili nikanyenyekea. Hapo ndipo ushauri ulipomiminika. "Dawa ya moto ni moto, tuma Jino kwa Jino." Hakuna hata mmoja aliyenikumbusha kwamba kwenye mashindano ya Axelrod mkono haukuteleza, ulichoamua ndicho kilichochezwa. Kwetu mwandaaji alikuwa ameongeza kitu tulichokiita shetani: kila uamuzi una nafasi moja kati ya 20 ya kugeuzwa. Umeamua W, inachezwa U, na mwenzako hajui kama ni wewe au ni shetani.

Nina kumbukumbu ya mechi moja mpaka leo. Mimi na rafiki yangu, wote Jino kwa Jino, msimbo ule ule neno kwa neno. Mwanzoni W W W W, raha mustarehe. Mzunguko wa 31 shetani akapita upande wangu, ikachezwa U. Yeye, kwa haki yake, akajibu U wa 32. Lakini 32 mimi nilikuwa nacheza W, kwa kuwa 31 yeye alikuwa mwema. Basi 33 mimi nikamjibu U yake, yeye akarudia W yangu. Tukaanza kupokezana ubaya kama watu wanaosukuma msumeno: mimi 5 yeye 0, yeye 5 mimi 0. Baadaye shetani akapita tena, safari hii wote tukaangukia kwenye U, tukakaa humo pointi moja moja mpaka shetani mwenyewe atuhurumie. Wote wawili wema, hakuna aliyewahi kupanga ubaya! Ukiacha mechi kama hiyo iendelee muda mrefu, wastani wa kila mmoja unashuka hadi 2.25 kwa mzunguko, sawa kabisa na wawili wanaorusha sarafu. Na kwa kuwa ushauri ule ule ulikuwa umezagaa kundini, tulikuwa Jino kwa Jino tisa, tunang'oana meno tisa kwa tisa.

Kabla ya mashindano ya tatu nilijaribu kwanza kusamehe kila usaliti wa kwanza na kulipiza ukija wa pili mfululizo. Nikajiona mstaarabu. Jamaa mmoja kwenye mazoezi akasaliti mzunguko mmoja, akatulia mmoja, akasaliti mmoja, akatulia mmoja, na programu yangu ikamsamehe mpaka mwisho ikitabasamu. Kumbe hata mwanabiolojia John Maynard Smith aliituma mbinu hii kwa Axelrod mara ya pili, ikashika nafasi ya 24. Nikajaribu pia Pavlov, ile ya watafiti Nowak na Sigmund ya mwaka 1993: ukipata 3 au 5 unarudia ulichofanya, ukipata 0 au 1 unabadilisha. Inarekebisha makosa kwa uzuri wa kutamanisha, kosa moja, ubaya wa pamoja mara moja, halafu wote mmerudi kwenye wema. Lakini kwa asiyejua ila kusaliti, Pavlov inampelekea shingo kila mzunguko wa pili. Kwetu wa namna hiyo walikuwa watatu, hawakomi.

Kilichonitoa mkiani ni dadu. Nikisalitiwa nalipiza, isipokuwa mara moja kati ya tatu hivi nasamehe, na ni bahati inayoamua lini. Lazima iwe bahati. Ukisamehe kila usaliti wa tatu kwa ratiba, kuna mtu atakaa akuhesabie. Hiyo theluthi sikuitunga mimi, kwa pointi hizi za 5, 3, 1 na 0 ndiyo inayotoka kwenye hesabu za hao hao Nowak na Sigmund, mwaka 1992.

Halafu nikaongeza la kwangu, na hapa ruhusuni nijisifu. Programu inaona kilichochezwa kweli upande wake. Basi nikaiandika hivi: kama mzunguko uliopita nilipanga W shetani akacheza U, adhabu inayokuja ninaimeza kimya, silipizi, nadaiwa. Mistari mitatu tu. Msumeno ule wa mzunguko wa 31 ungekatika hapo 33. Na kwa wale watatu wasiokoma, daftari dogo la mizunguko 20 ya mwisho: 15 kati ya hiyo ikiwa ubaya, dadu inawekwa kabatini mpaka wabadilike.

Mistari 22 yote kwa pamoja. Nafasi ya 2 kati ya 24. Ya kwanza walichukua vijana wawili waliotuma programu mbili zenye kupeana ishara kwa mizunguko sita ya mwanzo, zikitambuana mmoja anajitoa kafara mwenzake anyonye 5 mpaka mwisho. Nilipolalamika nikaambiwa kanuni hazikukataza, na kweli, timu ya Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, ilifanya kitu hicho hicho kwenye mashindano kama haya mwaka 2004 kwa programu nyingi zaidi na ikabeba nafasi tatu za juu. Safari hii mwandaaji amekataza.

Mashindano ya nne ni wiki ijayo. Jana kijana mmoja mgeni kundini ameniandikia, shikamoo kaka, nisaidie, nitume nini? Nimemjibu atume Jino kwa Jino, akalale.