Siku moja maishani mwangu: baghala anayenifika kiunoni

Saa kumi na moja alfajiri. Jua la Ocala, Florida, halina mzaha, kwa hiyo kazi ya kukokota gari tunaimaliza mapema. Kwanza nimemulika tochi banda la mwisho. Kuna poni (farasi wa umbo dogo) jike ambaye tarehe zake zimefika, na mimba ni ya punda. Kiwele kimejaa, ila nta, ile dalili kwamba kuzaa kumekaribia, haijatokea kwenye chuchu. Bado.

Wengine mnawaita nyumbu, lakini nikisema hivyo mtafikiria wale wa Mto Mara. Hawa ni baghala: baba punda, mama farasi. Mimi ni mtu wa Lamu, punda nimekua nao mitaani, ila baghala nimewajulia huku.

Saa kumi na mbili: kulisha, kuzoa mavi, kuchokoa kwato. Nyasi za poni napima kwa mizani. Poni ni mlafi, na akinenepa kwato zinavimba ndani mpaka hawezi kukanyaga.

Saa moja asubuhi. Baghala wa miaka mitatu, mgongo wake unanifika kiunoni. Wiki sita nimetembea nyuma yake na hatamu ndefu, kisha akakokota tairi tupu. Leo ndiyo mara ya kwanza kuingia kati ya miti miwili ya kigari. Akasimama. Hakurusha teke, hakukimbia. Farasi akishtuka hutimua mbio. Baghala husimama akakupima. Kijana tunayefanya naye kazi akaniletea mjeledi, nikamwambia aurudishe. Pwani nimeona punda akilala na mchanga wake mgongoni, mwenyewe akapiga mpaka akachoka yeye. Nikangoja dakika arobaini, sichezi simu. Akanusa gurudumu, akapiga hatua nne. Nikamfungua papo hapo, nikampa karoti. Basi kwa leo.

Saa tatu, jozi ya poni wa mashindano. Mchezo huu wa kuendesha kigari una sehemu tatu: dresaji, yaani mwendo wa utulivu na utiifu, marathoni yenye vizuizi, na koni, yaani kupita katikati ya koni bila kuzigusa. Leo koni. Juu ya kila koni kuna mpira, na ukiuangusha ni pointi 3 za adhabu. Tumeangusha miwili, na kosa ni langu: nilivuta hatamu ya kushoto mapema.

Mchana ni kuoga wanyama na kupaka ngozi mafuta. Sina la kusimulia.

Saa kumi jioni, dume la punda la kupandisha poni. Huyu alilelewa na farasi tangu mdogo, ndiyo maana anawakubali; punda aliyekua na punda wenzake mara nyingi hamtaki farasi. Kwa kuwa ni mfupi, jike tunamsimamisha kwenye kishimo. Na kazi hii haina mwisho. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, baghala 63, hivyo hazai. Baghala wangu akishinda vikombe vyote, mwingine kama yeye naanza upya.

Saa tatu usiku nimerudi banda la mwisho. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba mama huyu ametengeneza kinga dhidi ya damu ya upande wa punda. Kinga hiyo hupita kwenye dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na mtoto akiinyonya itavunja chembe nyekundu za damu yake. Kwa hiyo siku ya kwanza hatamnyonya mama. Nina chupa nne za dang'a ya farasi mwingine kwenye friza, na kikapu kidogo cha kumfunga mdomo.

Nimemulika tena. Nta imetoka. Natoa chupa moja, naiweka kwenye maji ya uvuguvugu.