Askari Wasiotaka Kufa

Vidonda vya mdomoni ndivyo vilivyonishinda. Maumivu ya viungo nilishayazoea, baridi yabisi ninayo miaka 17 sasa, lakini kushindwa hata uji wa ndimu? Homa zilikuja na kuondoka. Malaria hakuna, taifodi hakuna, narudi nyumbani na antibayotiki nyingine.

Daktari wa damu ndiye aliyehesabu nyutrofili, zile seli nyeupe zinazokula bakteria. Nilikuwa na 0.4 (bilioni kwa lita moja ya damu), chini ya 0.5 ni hatari kubwa. Badala yake, kwenye darubini walijaa limfosaiti wakubwa wenye punje, seli nyeupe za aina nyingine, zinazoua seli zenye virusi. "Mama, hii ni lukemia, saratani ya damu, ila ya kwenda taratibu." Nilisikia lukemia tu. Taratibu niliisikia siku ya pili, mwanangu aliponikumbusha.

Kliniki iliyofuata niliuliza: seli hizo zinauaje? Akachora nyuma ya fomu. Limfosaiti muuaji hujibana kwenye seli yenye virusi, akamwaga punje zake: paforini hutoboa ukuta, granzaimu hupita na kuiamuru seli ijiue. Ana pia njia ya pili, protini iitwayo Fasi ligandi, inayobonyeza kitufe cha kifo juu ya seli nyingine. Vita vikiisha, kitufe hichohicho huwaondoa wauaji wenyewe. Wangu wanabonyezwa, hawafi. Wanazidi kujaa, na ligandi yao inayoelea kwenye damu inaziua nyutrofili zangu zisizo na kosa. Kwa wagonjwa kama 4 kati ya 10, jeni iitwayo STAT3, inayoiambia seli iendelee kuishi, ndiyo iliyokwama ikiwa imewashwa. Hilo lilijulikana mwaka 2012 tu.

Mchoro ule nilienda nao nyumbani. Kuanzia hapo sikuogopa tena jina la ugonjwa, nikaogopa homa, ambayo ndiyo ya kuogopwa.

Nilipewa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, dozi ndogo, mara moja kwa wiki. Nesi alirudia mara tatu: ukinywa kila siku, ni sumu. Nikachagua Alhamisi, vidonge nikamkabidhi mume wangu. Mwezi wa pili kipimo kilisoma 0.5, nikataka kuacha. Daktari akakataa, dawa hii haihukumiwi kabla ya miezi minne. Kipimajoto kikakaa kwenye mkoba, msibani hadi sokoni. Kikifika 38 ni hospitali, hata usiku wa manane. Nilienda mara moja, saa nane.

Mwezi wa nne: 1.6. Jioni hiyo nilikula embe bichi, kwa chumvi na pilipili.