Mama mkubwa na macho yake

Mama mkubwa alipofika Goma kutoka kijijini, kope zake zilikuwa zimegeukia ndani, zikikwaruza jicho kila alipopepesa. Daktari alisema ni trakoma, ugonjwa wa bakteria, Chlamydia trachomatis. Mama yangu alikua naye chumba kimoja, wakijipangusa kwa kitambaa kimoja, na macho yake ni mazima! Kijijini walisema dada mtu amerogwa. Iliniuma sana.

Utafiti wa mapacha nchini Gambia ulionyesha kwamba jeni, yaani chembe za urithi, zina mchango katika namna kinga inavyopambana na bakteria huyo. Kuna miili ambayo uvimbe wake hukawia kupoa, makovu yakajikusanya. Lakini nzi, mikono na vitambaa ndivyo hueneza.

Siku ya Jumanne mama mkubwa alipasuliwa kope. Nilimshika mkono mpaka mwisho.