Jiko la juu lilipotoka la kale kuliko la chini

Tulifukua meko mawili ya kale, moja juu ya jingine, katikati yake tabaka jembamba la mchanga. La juu ni lazima liwe jipya zaidi. Lakini majibu ya kaboni 14, kipimo cha umri wa vitu vilivyokuwa hai, yaliporudi, lililitangulia la chini kwa karne kadhaa.

Kwanza nilishuku wanyama. Panya na mchwa huhamisha mkaa kutoka tabaka moja hadi jingine. Nikarudia picha na michoro yetu: udongo chini ya jiko la juu ulikuwa umeiva kwa moto, mwekundu, bila tundu hata moja. Moto uliwaka palepale. Basi tatizo lilikuwa sampuli, na sampuli niliichagua mimi.

Nilikuwa nimetuma kipande kikubwa cha mkaa, kigumu, kizuri kwa macho. Nilipoweka salio lake kwenye hadubini, miviringo ya ukuaji ilikuwa karibu imenyooka, dalili ya gogo nene. Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mwaka mti huongeza mviringo mpya kwa nje; ile ya ndani haipokei tena kaboni ya hewani, na kaboni 14 yake huanza kupungua, nusu kwa kila miaka 5,730, mti ukiwa bado umesimama na majani yake. Mti wa miaka 400 ukichomwa leo, mkaa wa kiini chake tayari una karne nne. Maabara ilipima kuni kwa usahihi kabisa. Mimi nilikuwa nautafuta moto.

Mara ya pili nilikaa siku nzima nikichambua vijiti vyembamba vyenye gome na maganda ya kokwa yaliyoungua, vitu vya msimu mmoja au miaka michache. Udogo wake haukunitisha, maana mashine za siku hizi huhesabu atomi zenyewe na hutosheka na takriban miligramu moja ya kaboni. Nilitumia kibano, nikaondoa vijizizi, nikafunga kwa foili ya alumini. Pamba na karatasi ni kaboni ya kisasa, sizikaribishi. Nilituma na ziada, kwa sababu maabara huosha kwa asidi, alkali, kisha asidi tena ili kuondoa kabonati na uchafu wa mboji, na alkali hula mkaa wenyewe. Kila jiko lilipata sampuli tatu. Sampuli moja haina shahidi.

Umri ulikuja ukihesabiwa nyuma kutoka 1950, nami nikaugeuza kuwa miaka ya kalenda kwa IntCal20, mchoro wa kusahihishia umri wa kaboni 14 kwa nusu ya kaskazini ya dunia, kwa kuwa eneo letu liko kaskazini mwa ikweta. Sampuli tatu za jiko la juu zilikubaliana, na zote zikaangukia baada ya zile za chini. Nilifurahi mno!

Kile kipande kikubwa sikukifuta kwenye ripoti. Nimeandika kwamba ni cha gogo nene, na kwamba moto wa jiko lile hauwezi kuwa wa kale kuliko umri wake.