Nitie Oili Gani Katika Dyna Inayovuja?

Kwa karibu mwaka mzima nilinunua oili ya injini kama mtu anunuavyo maji ya kunywa: lita moja leo, nyingine keshokutwa, bila kujiuliza inaishia wapi. Gari lenyewe ni Toyota Dyna ya mwaka 1993, yenye injini ya mazutu (dizeli) aina ya 14B, silinda nne, ujazo wa lita 3.7, isiyo na turbo. Nalitumia kubeba mihogo, matofali na magunia ya makaa kutoka Nyangezi hadi Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, na mara chache nateremka nalo mlima wa Ngomo kuelekea Kamanyola na Uvira. Kila linapolala huacha doa jeusi, na mvua ya Bukavu ikinyesha doa hilo hushuka mteremko pamoja na kila kitu kingine hadi ziwani, jambo ambalo majirani wangu wa chini wameshanikumbusha zaidi ya mara moja.

Ukiwa na gari linalovuja, kila unayekutana naye ana dawa yake. Dereva mwenzangu wa mtaa wa Essence aliniambia nitie karanti, yaani ile oili ya namba 40 peke yake inayopimwa kwa lita kutoka kwenye pipa, kwa sababu kitu kizito hakipenyi kwa urahisi. Fundi mmoja alinishauri niichanganye na oili ya gia kidogo. Muuzaji naye, ambaye naamini alisema kwa nia njema, aliniuliza kwa nini napoteza fedha kwa bidoni yenye muhuri ilhali sehemu yake inamwagika barabarani. Ushauri huu wa tatu ndio uliokaribia kuniharibia injini, kwa kuwa ndio nilioufuata, nikatia oili isiyo na muhuri. Siku ya kumi na mbili, nikiwa nimepanda kutoka Kamanyola na mzigo kamili, taa ya presha ya oili ilianza kupepesa gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole. Nilipoimwaga oili ile niliikuta nyepesi kupita kiasi, na sikuhitaji maabara kuniambia kwamba haikuwa oili ya kuaminiwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Oili inayofanya kazi ni ile iliyobaki ndani, na hiyo haijui kwamba nyingine imemwagika. Hata ule mzaha wa gereji kwamba gari linalovuja hujifanyia vidanji (kubadilisha oili) lenyewe hauna ukweli, kwa sababu kuongeza lita moja juu hakubadilishi filta, wala hakutoi masizi na tope lililotulia chini ya karteri, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini.

Kuhusu karanti, nililazimika kusoma maana ya namba zenyewe, na nilichokikuta kilinishangaza. Namba 40 katika oili ya 15W-40 na namba 40 ya karanti zinapimwa kwa kipimo kilekile: katika joto la nyuzi 100, uzito wa mtiririko wake unapaswa kuwa kati ya sentistoki 12.5 na 16.3. Kwa maneno mengine, injini ikishapata moto, karanti si nzito kuliko 15W-40. Tofauti yao kubwa huonekana asubuhi, injini ikiwa baridi, ambapo karanti huwa nzito zaidi na huchelewa kufika kwenye vyuma vya juu, wakati ambao ndio wenye msuguano mbaya zaidi. Ni kweli kwamba gari likilala karanti hudondoka polepole zaidi, lakini sehemu kubwa ya oili yangu ilikuwa ikipotea njiani, injini ikiwa ya moto, ambako karanti isingenipa faida yoyote. Ile 15W, kwa upande mwingine, inahusu baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambayo sisi wa Bukavu hatuijui, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa mtu zaidi kwa ajili ya 5W.

Namba 50, kama ile ya 20W-50, kweli ni nzito zaidi hata kwenye moto, na sitamlaumu mwenye injini iliyochakaa, inayotoa moshi wa buluu na yenye presha ndogo ikipata moto, akiichagua. Hata hivyo, huyo anatibu uchakavu. Kuvuja kwa sili (mpira wa kuzuia oili) iliyokauka au gasketi iliyopasuka hupungua kidogo tu kwa oili nzito, kisha hurudi palepale. Oili ya gia sina la kuisemea zaidi ya kwamba viambato vyake vimetengenezwa kwa ajili ya meno ya gia na si kwa ajili ya masizi ya mazutu.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami ni herufi zilizo nyuma ya bidoni. Herufi S ni ya injini za esansi (petroli), C ni ya injini za mazutu, na herufi inayofuata huonyesha kizazi: CH-4 ilianza mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CK-4 mwaka 2016. Ungedhani mpya ndiyo bora, lakini CJ-4 na CK-4 zilibuniwa kwa kufikiria magari yenye vichujio vya moshi na mazutu yenye salfa kidogo sana, ndiyo maana majivu yanayobaki oili hizo zikiungua yamewekewa kikomo cha asilimia 1. Gari langu halina kichujio cha moshi, na mazutu ninayouziwa siwezi kuyapima salfa. Salfa ikiungua huzaa asidi ndani ya injini, na CI-4 kwa kawaida hubeba akiba kubwa zaidi ya viambato vya kuituliza asidi hiyo. Basi nikaamua: 15W-40 ya CI-4, yenye muhuri, kutoka duka ambalo linaweza kunipa risiti. Sintetiki niliiacha kwa sababu ya bei tu.

Lakini uchaguzi huo usingenisaidia kama nisingelala chini ya gari. Niliosha injini yote, nikaikausha, nikapaka poda ya watoto kwenye maungio, kisha nikaenda Panzi na kurudi. Poda ililowa sehemu tatu: gasketi ya kifuniko cha vali, swichi ya presha ya oili, na nyuma kabisa, pale injini inapoungana na gia, ambako kuna sili ya krenki ambayo mafundi wetu huiita spi. Nilipofungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma, upepo wenye moshi ulinipiga usoni. Bomba la kupumulia la injini lilikuwa limezibwa na tope gumu. Gesi inayopenya kando ya ringi za pistoni inapokosa mlango, hujikusanya ndani ya karteri na kuisukuma oili itoke penye udhaifu wowote. Kwa hiyo nilikuwa nikizilaumu sili ambazo zilikuwa zikisukumwa tangu ndani.

Kulizibua bomba hilo kulichukua saa moja na mazutu ya kikombe kimoja. Gasketi na swichi zilibadilishwa siku iliyofuata. Kabla ya hapo nilikuwa nikiongeza lita moja kila kilomita 500. Sasa lita hiyohiyo inanifikisha karibu kilomita 1,400.

Zipo pia oili zilizotengenezwa kwa magari ya kilomita nyingi, zenye viambato vya kulainisha na kuvimbisha kidogo mpira uliokauka. Zinaweza kupunguza jasho la sili iliyokakamaa, lakini haziungi iliyochanika, na kabla ya kununua hakikisha bidoni ina herufi C. Atakayekuambia utie mafuta ya breki ndani ya oili ili sili zivimbe, mshukuru na uondoke: mpira utavimba kweli, kisha utaoza, na oili itakuwa imeharibika.

Kupima oili kwa kijiti kunahitaji gari lisimame tambarare, na katika mji wetu hilo ni anasa. Kwangu, upande wa Ibanda, mteremko ulinidanganya kwa miezi kadhaa: gari likielekea chini kijiti kilisema imejaa, likielekea juu kilisema imepungua sana, nami nikawa naongeza kupita alama, jambo ambalo nalo huzidisha kuvuja. Siku hizi napima asubuhi kabla ya kuwasha, katika ua wa mzee mmoja jirani ambao una sakafu ya saruji iliyonyooka, na yeye hunidai tu kwamba nisiache doa.

Ile spi ya nyuma bado inadondosha. Kuibadilisha kunataka gia ishushwe na klachi ifunguliwe, na klachi yenyewe bado ina maisha. Kwa hiyo nimekubaliana na fundi kwamba vyote viwili vitafanywa siku moja, isipokuwa oili ikianza kulowesha klachi na kuifanya iteleze kwenye mlima. Kwa sasa katoni ninayoiweka chini ya gari usiku inaonyesha matone matatu, wakati mwingine manne.