Kuunganisha HP 5890 na kompyuta: kazi kubwa iko kwenye waya

Maabara nyingi bado zina kromatografu ya gesi (mashine ya kutenganisha na kupima viambato vya sampuli) aina ya HP 5890 iliyo nzima kabisa: oveni inapanda joto sawasawa, mwali wa FID, yaani ditekta ya mwali, unawaka na kukaa. Kilichokufa ni integreta iliyokuwa ikichora vilele, kila kimoja kikiwakilisha kiambato, kwenye karatasi na kupima eneo lake. Kuitupa mashine kwa sababu hiyo ni hasara isiyo na maana, kwa kuwa kinachotoka nyuma yake ni volti, na volti inasomeka kwa kifaa cha bei ndogo.

Mashine hii ina matokeo mawili ya analogi. La 1 mV lilikuwa la kinasa chati, la 1 V la integreta. Tumia la 1 V. Lile la 1 mV ni dogo mno, kelele za waya hulimeza, tena hubadilika kila mtu anapogusa ATTN, kitufe cha kupunguza ukubwa wa mchoro. Tokeo la 1 V hufuata RANGE peke yake, yaani mpangilio wa ukubwa wa ishara. RANGE ni kipeo cha mbili: ukitoka 0 kwenda 1 volti inapungua nusu, ukienda 2 inabaki robo. Kwa hiyo andika RANGE ndani ya kila faili, la sivyo eneo la kilele la leo halitalinganishika na la wiki iliyopita. Kilele cha kiyeyusho kikikatwa kichwa kwa kuvuka 1 V si neno. Cha kiambato unachokipima kikikatwa, ongeza RANGE na urudie. Hakikisha pia SIG 1, njia ya ishara inayotoka kwenye tokeo hilo, imepewa ditekta unayoitumia. Inaweza kupewa kitu kingine kabisa, hata joto la oveni, nawe ukahangaika kutafuta kosa kwenye programu.

Sasa kifaa cha kugeuza volti kuwa namba. Usitegemee pini ya analogi ya Arduino Uno, bodi ndogo itakayopeleka namba kwenye kompyuta. Ina biti 10, yaani kwa volti 5 kila ngazi ni karibu 4.9 mV, na kilele cha 2 mV huenda kisionekane kabisa. Chipu ya kugeuza volti ya ADS1115 yenye biti 16, ikiunganishwa na Uno, kwenye kipimo cha ±1.024 V, ina ngazi ya 31.25 µV. Kwa mafunzo inafaa, ila vilele vidogo hutoka kama ngazi za nyumba. Napendekeza ADS1220: biti 24, na kwa rejea yake ya ndani ya 2.048 V ngazi ni chini ya robo ya maikrovolti. Kelele zake halisi ni maikrovolti chache, na hicho ndicho kipimo cha kuaminika, si idadi ya biti. Iweke kwenye kuzidisha mara 1, ibaki nafasi juu ya 1 V.

Kasi iwe vipimo 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kichujio cha ndani hufuta mvumo wa umeme wa 50 Hz, na kilele cha safu ya kapilari (mrija mwembamba unaotenganisha viambato) chenye upana wa sekunde 3 kitapata nukta 60. Ishirini zingetosha kupata eneo zuri, kwa hiyo kuongeza kasi kutakuongezea kelele tu.

Wengi hukwama hapa: ADS1220 ina kikuza wimbi ndani yake, na kikuza hicho hakifanyi kazi vizuri waya mmoja wa kuingiza ukiwa kwenye volti sifuri. Kiruke kwa kuwasha mpangilio wa kukikwepa, unaoruhusiwa kwa kuzidisha mara 1, 2 na 4. Faida nyingine ni kwamba chipu itasoma hata mstari wa msingi (ishara pasipo kilele) ukishuka kidogo chini ya sifuri, jambo la kawaida baada ya kubonyeza mapema ZERO, kitufe cha kuurudisha mstari huo sifuri.

Waya chanya wa tokeo la 1 V upite kwenye rizista ya 1 kΩ hadi AIN0, pini ya kuingiza ya ADS1220. Waya wa kurudi uende AIN1, nayo AIN1 iungwe na ardhi ya bodi. Weka kapasita ya 1 µF kati ya AIN0 na AIN1. Tumia kebo ya nyaya mbili zilizosokotwa yenye wavu wa kinga, na wavu huo uunge upande mmoja tu, ule wa mashine. Ukiunga pande zote mbili, mkondo utazunguka kati ya ardhi ya mashine na ya kompyuta, na mstari wa msingi utatetemeka. Jaribio rahisi: chomoa chaja ya laptopu. Mtetemo ukiisha, nunua kitenganishi cha USB.

Kuhusu saa, usihesabu vipimo ili kupata muda, kwa sababu saa ya ndani ya ADS1220 inaweza kukosea hadi asilimia 2, na hizo ni sekunde 36 katika dakika 30. Tuma muda pamoja na kila kipimo. Uno nayo hujiwasha upya programu inapofungua lango la siriali, kwa hiyo fungua lango kabla ya kudunga sampuli. Waya wa START, unaotoa ishara ya mwanzo wa uchambuzi, upime kwanza kwa multimita ujue kama ni mguso mtupu au una volti, kisha uupitishe kwenye optokapla, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme.

Kabla ya kudunga chochote, tumia kromatogramu (mchoro wa vilele) ya majaribio iliyohifadhiwa ndani ya 5890 yenyewe. Inatoa vilele vitatu, kila kimoja karibu sehemu ya kumi ya kilichotangulia. Cha tatu kikizama kwenye kelele, rudi kwenye wavu wa kinga na ardhi. Uwiano ukipotoka wakati kelele ni ndogo, kagua mpangilio wa kukwepa kikuza. Vikitoka vyote vitatu safi, washa mwali.